Njia ya Bidhaa na Njia ya Maradhi: Ugogo katika Njaa ya Mtunya

Wazee wa Ugogo hawakuihesabu miaka kwa tarakimu peke yake. Waliihesabu pia kwa majina ya njaa. Kila njaa kubwa ilipewa jina lake, na jina hilo likabaki kuwa kumbukumbu ya jambo lililowauma watu kuliko mengine yote katika wakati ule. Miongoni mwa majina hayo hakuna linalotajwa kwa uzito kuliko Mtunya, njaa iliyodumu tangu 1917 hadi 1920. Neno hilo hufasiriwa kuwa ni hali ya kugombania na kunyang'anyana. Wanahistoria hukisia kwamba watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 waliokuwamo katika wilaya ya Dodoma ya siku zile, yaani mtu mmoja katika kila watu watano.

Katikati ya njaa hiyo, mwishoni mwa 1918, yakaingia maradhi. Yalikuwa ni ile homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima, ambayo wengi huiita homa ya Kihispania, nayo inakisiwa kuwa iliua watu wasiopungua milioni 50. Katika Tanganyika peke yake makisio ni kati ya watu 50,000 na 80,000. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi maradhi ya namna hiyo yanavyosafiri kwa njia za biashara, jinsi yanavyozikata njia hizo hizo yaliyopitia, na kwa nini mkato wa namna moja huwa ni usumbufu tu mahali pamoja, bali mahali pengine huwa ni mauti.

Tunayo sababu ya pili ya kuandika. Ugogo imezoea kusemwa, hasa katika mizaha ya mijini, kuwa ni nchi ya njaa na ya ombaomba tangu asili. Usemi huo umewaingia hata watoto wa shule, na wengine wao ni watoto wa Ugogo wenyewe. Si usemi wa kweli, na ushahidi wa kuukanusha umo katika historia ya biashara.

Yafaa tuanze na nchi yenyewe. Uwanda wa kati wa Tanzania hupata mvua katika msimu mmoja tu, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na aghalabu mvua hiyo haizidi milimita 600 kwa mwaka. Katika nchi kama hiyo mkulima hapandi akitumaini kwamba kila mwaka utakuwa mwema. Wagogo walipanda uwele na mtama, mazao yastahimiliyo ukame, wakaweka akiba yao mahali patatu. Mahali pa kwanza ni vihenge vya nafaka vilivyokaa ndani ya tembe. Mahali pa pili ni zizini, kwa maana ng'ombe aliweza kubadilishwa kwa nafaka mwaka wa shida. Mahali pa tatu ni katika undugu na urafiki: mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja, bali aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali wamtunzie, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalimike. Huo ulikuwa ni utaratibu uliofikiriwa vizuri, wa watu walioijua nchi yao.

Utaratibu huo ulikuwa na nguvu ya kutosha hata kulisha wageni. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Upande wa mashariki msafara ulivuka nyika ya Marenga Makali isiyokuwa na maji mema. Upande wa magharibi uliingojea nyika ya Mgunda Mkali. Ugogo ilikuwa katikati ya nyika hizo mbili. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, wa nguo, shanga, nyaya au pembe za ndovu; hakuweza kubeba juu ya mzigo huo chakula cha miezi. Kwa hiyo msafara ulinunua nafaka njiani, ukalipia maji, na watemi wa Ugogo wakatoza hongo kabla ya kuruhusu watu kupita. Wageni walioandika habari za safari zao, tangu Burton na Speke waliopita 1857 hadi Stanley aliyepita 1871, wote walinung'unikia hongo ya Ugogo. Manung'uniko yao kwetu ni ushahidi. Hakuna msafara utakaolipa ghali ili kupita katika nchi isiyo na cha kuuza. Ugogo ilikuwa ni duka la njiani, lenye nafaka, mifugo, chumvi na maji, na bei yake ilipangwa na wenyeji.

Lakini njia iletayo merikani na kaniki huleta pia visivyonunuliwa. Ndui ilisafiri pamoja na wapagazi, na Burton aliitaja kuwa ni maradhi mabaya kuliko yote katika misafara. Kipindupindu kilichoua watu wengi Unguja katika miaka ya 1869 na 1870 kilichunguzwa na tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, na katika kitabu chake cha 1876 alionyesha kwamba ugonjwa huo ulifuata njia za biashara hatua kwa hatua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa watu wa kando ya njia methali hiyo ilikuwa na upande wa pili, kwa kuwa mgeni yule yule aliyeleta nguo aliweza kumwacha mwenyeji kitandani. Wala haikuwa rahisi kumfungia mlango, kwani aliyeufungia msafara mlango aliifungia pia biashara yake.

Pigo la kwanza kubwa lililoigusa akiba yenyewe halikuwa la wanadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia katika nchi zetu ikitokea Pembe ya Afrika, ambako inaaminiwa kuwa ililetwa na ng'ombe walioingizwa kwa ajili ya majeshi ya Waitalia. Ikaangamiza mifugo kutoka kaskazini hadi kusini mwa bara. Msomaji na atambue maana ya jambo hilo kwa nchi kama Ugogo. Ng'ombe alikuwa ni nyama na maziwa, lakini pia alikuwa ni akiba ya kununulia nafaka. Sotoka ilipopita, mtu aliyekuwa tajiri jioni aliamka hana cha kupeleka sokoni. Hata hivyo watu waliobaki walianza tena, wakakusanya mifugo upya kidogo kidogo.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Misafara ya miguu ilikoma, na kwa hiyo mteja mkubwa wa nafaka ya Ugogo akatoweka. Papo hapo yakazuka maduka karibu na stesheni, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya India na Uarabuni, yakiuza nguo, chumvi, majembe, mafuta ya taa na viberiti. Bidhaa hizo zilitoka kiwandani Ulaya au India, zikapanda meli, zikashuka bandarini Dar es Salaam, zikapakiwa katika gari-moshi, zikafika kwa mwenye duka la jumla, na kwake mchuuzi akazichukua hadi kijijini. Mnyororo huo ulikuwa na kasi kuliko mabega ya wapagazi, na bei zake zilikuwa nafuu. Lakini ulikuwa na pingili chache tena za lazima: pingili moja ikikatika, hakuna njia ya kandokando.

Pingili ya kwanza ilikatika mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, na manowari za Waingereza zikaizingira pwani ya koloni la Wajerumani. Meli za bidhaa hazikuingia tena kama zamani. Madukani nguo ziliadimika, na Wajerumani wakalazimika kutengeneza humu humu nchini vitu walivyozoea kuagiza kwao. Hata fedha iliadimika. Zilichapwa noti za dharura, na mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, zikafuliwa sarafu za shaba na za dhahabu. Mkulima aliyeuza ng'ombe wake akapewa noti za namna hiyo alikuja kuona thamani yake ikipotea pamoja na serikali iliyozitoa.

Pingili nyingine zilikatwa na majeshi yenyewe. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Waingereza chini ya van Deventer liliingia Kondoa, na mvua za masika zikalitenga na ghala zake za kaskazini. Mwishoni mwa Julai likaingia Dodoma. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Jeshi lisilofikiwa na vyakula vyake hula vya wenyeji. Basi pande zote mbili, kwa zamu, zilichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo. Zilichukua pia watu. Vijana wenye nguvu walitwaliwa kuwa wapagazi wa vita, na katika vita vile vya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Mtu anayenunua leo bidhaa katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, analitaja jina la kikosi hicho cha wapagazi wa Kiingereza, ingawa huenda hajui.

Sasa tuitazame Ugogo jinsi ilivyokuwa mwaka 1917. Vihenge vilikuwa vimekombwa. Mazizi yalikuwa yamepunguzwa. Wenye mikono ya kulima walikuwa mbali. Ndipo mvua zilipokosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa makini na kuchapisha utafiti wake mwaka 1990, ameonyesha kwamba ukame peke yake hautoshi kueleza Mtunya. Nchi ile ilikuwa imezoea ukame. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii ukame uliwakuta watu wamekwisha nyang'anywa vile vitu walivyokuwa wakikabili ukame kwavyo.

Juu ya hali hiyo ikaja homa ya mafua. Ilikuwa imefika katika miji ya Afrika ya pwani kwa meli mnamo Agosti na Septemba 1918, Freetown, Cape Town na Mombasa, kisha ikaingia bara kwa reli, kwa barabara za jeshi, na kwa miguu ya askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na homa ikawaua wengi katika askari na wapagazi waliokuwa naye baada ya bunduki kunyamaza. Hivyo amani na maradhi viliteremka kwa njia moja.

Mambo mawili yaliifanya homa hiyo iwe adui wa chakula pamoja na kuwa adui wa uhai. La kwanza ni umri wa iliowaua. Mafua ya kawaida huwaondoa wazee na watoto wachanga. Hii iliwapiga mno watu wa makamo ya ujana, wenye miaka kati ya 20 na 40, yaani walimaji, wachungaji, wapagazi na wafanyakazi wa reli. La pili ni wakati. Katika nchi zetu ilishika nguvu katika miezi ya mwisho wa mwaka, na hiyo ndiyo miezi ya kutayarisha shamba na kupanda uwele wa kwanza. Mahali penye masika mawili, aliyekosa kupanda msimu mmoja hungoja miezi michache. Ugogo hakuna msimu wa pili. Mtu aliyelala kitandani wiki tatu za mwanzo wa mvua alikuwa amelala mwaka mzima.

Soko nalo lilifanya kama masoko yafanyavyo katika njaa. Wote waliotaka kuuza ng'ombe waliwapeleka kwa wakati mmoja, basi bei ya ng'ombe ikashuka. Wote walitaka nafaka kwa wakati mmoja, basi bei ya nafaka ikapanda. Ng'ombe ambaye zamani angeijaza nyumba nafaka, sasa alinunua debe chache. Aliyekuwa hana ng'ombe aliuza jembe lake, na aliyeuza jembe aliuza pia mavuno ya mwaka ujao. Watu walihama kwenda kutafuta chakula kwa jirani, Unyamwezi, Uhehe na kwingineko, na masimulizi yanakumbuka watoto waliowekwa rehani kwa nafaka. Reli ilipita katikati ya nchi hiyo yenye njaa. Lakini reli huleta kile kilichonunuliwa mahali pengine, na huleta pale tu penye watu wa kupakia, wa kuendesha na wa kupakua. Hata nafaka iliyofika stesheni ilihitaji mtu mwenye nguvu za kuifuata kwa miguu na mwenye kitu cha kulipia. Mtu huyo ndiye aliyekuwa ameadimika.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Maradhi hayakuuvunja mnyororo wa chakula wa Ugogo. Yaliukuta umekwisha vunjwa. Lau homa ile ingalizikuta tembe zina uwele wa miaka miwili na mazizi yana ng'ombe, watu wangalikufa kwa homa, kwa maana haikuwa na dawa. Lakini waliopona wasingalikufa kwa kukosa kula. Tofauti kati ya msiba na maangamizi ilikuwa ni akiba, na akiba ile haikuondolewa na mbingu. Iliondolewa na watu, kwa amri, katika vita isiyowahusu wenyeji.

Jambo hilo laeleza pia jina lililochaguliwa. Wazee wangaliweza kuiita njaa ile kwa jina la jua au la vumbi. Waliiita Mtunya, jina la tendo la wanadamu. Katika neno hilo moja wameweka hukumu ambayo wataalamu waliifikia kwa utafiti wa miaka mingi. Fasihi simulizi yetu aghalabu hufanya hivyo, nasi hatuna budi kuisikiliza kama tusikilizavyo hati za ofisini.

Inafaa pia tukumbuke kwamba mwaka 1917, njaa ilipokuwa inaanza, huko Ihumwa karibu na Dodoma alizaliwa Mathias Mnyampala, aliyekuja kuwa mtumishi wa serikali na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili. Kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954. Baada yake Mwalimu Ernest Kongola, aliyestaafu kazi ya elimu, aliendelea kukusanya historia ya watu wa Dodoma, akashirikiana na Maddox katika kitabu kilichotoka mwaka 2006. Bila watu wa namna hiyo jina la Mtunya lingebaki kwa wajukuu bila maana yake.

Miaka mia moja baada ya Mtunya, njia ya bidhaa ilileta tena maradhi. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, na mwezi wa Aprili safari za ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa. Lakini masoko ya Tanzania hayakufungwa. Mbele ya maduka ziliwekwa ndoo za maji na sabuni. Malimau na tangawizi, vitu vidogo vya kikapuni, vilipanda bei kwa sababu kila mtu alivitaka siku moja. Sukari iliadimika, na mwezi wa Aprili serikali ikatangaza bei elekezi kwa kila mkoa. Mwezi wa Mei malori yalipanga foleni Namanga na Tunduma wakati nchi jirani zilipoweka masharti ya kuwapima madereva au kuufunga mpaka kwa muda.

Hatukusudii hapa kuzipima sera za wakati huo, wala kusahau waliofariki. Twaitazama njia ya chakula tu. Katika mkoa wa Dodoma kilichokosekana madukani ni vile vilivyotoka mbali. Mahindi yaliendelea kuuzwa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro. Mtama na uwele vilikuwa vya wenyeji. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yalikuwapo Kizota. Mlolongo wa malori mpakani ulikuwa ni hasara kwa mwenye mali na mateso kwa dereva, lakini haukuwa njaa. Mnyororo ulilegea, na nyuma yake palikuwa na kitu.

Kwa walimu wa historia tungependekeza kazi moja. Wanafunzi na waulize nyumbani kwao majina ya njaa, waandike kila jina pamoja na maana yake, kisha wachunguze katika mwaka huo kulikuwa na nini zaidi ya ukame: vita, kodi, ugonjwa wa mifugo, ugonjwa wa watu, au njia iliyofungwa. Wauliza vilevile chakula kiliwekwa wapi na nani aliyekuwa na mamlaka juu yake. Watagundua kwamba swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kila mara.

Na yule anayewafanyia mzaha watu wa Dodoma kwa habari za kuomba, na aelezwe kwa upole kwamba kwa miaka mingi misafara mikubwa ya Afrika Mashariki haikuweza kufika Tabora bila kula nafaka iliyolimwa na watu hao, na kuilipia. Omba haikuwa desturi yao. Ilikuja baada ya ghala kuvunjwa, na waliolivunja hawakuwa wao.